Nani Amngoje Nani? Kichakataji, Vifaa vya Pembeni na Gharama ya Kusubiri

Utangulizi

Kompyuta huelezwa madarasani kuwa ni mashine yenye kichakataji kinachotekeleza maagizo, kumbukumbu inayohifadhi maagizo hayo pamoja na data, na vifaa vya pembeni kama vile kibodi, printa, diski na kadi ya mtandao, ambavyo huiunganisha mashine na ulimwengu wa nje. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaficha tatizo ambalo limewashughulisha wahandisi tangu miaka ya 1950, nalo ni kwamba sehemu hizo haziendi kwa mwendo mmoja. Kichakataji hukamilisha mamilioni au mabilioni ya hatua kwa sekunde, ilhali kidole cha mchapaji hodari hugusa kibodi mara kumi hivi katika muda huohuo. Mhadhara huu unachunguza namna data inavyovushwa katika pengo hilo, na unatetea hoja kwamba njia tatu zinazotumika, yaani kuulizauliza, katizo na uhamishaji wa moja kwa moja, si ngazi ambazo teknolojia ilizipanda na kuziacha nyuma, bali ni majibu matatu kwa swali moja la nani amngoje nani, na jibu linalofaa hubadilika kila uwiano wa kasi unapobadilika.

Mfano utakaotumika zaidi ni kompyuta binafsi ya IBM iliyotolewa Agosti 1981, kwa kuwa ndani ya mashine hiyo ndogo njia zote tatu zilifanya kazi bega kwa bega, na kila moja ilipewa kifaa kilichoistahili. Kichakataji chake, Intel 8088, kilikwenda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde, na pigo hapa ni kipimo kidogo kabisa cha muda ambacho saa ya ndani hukitoa ili kila sehemu ya mashine ijue lini isogee.

Anwani, rejista na njia kuu

Kichakataji hakigusi kifaa chenyewe. Kati yao husimama kidhibiti, yaani saketi inayokijua kifaa na tabia zake, na ndani ya kidhibiti kuna rejista, ambazo ni vyumba vichache vya kuwekea data: kimoja hupokea amri, kingine huonyesha hali ya kifaa, kingine hushika baiti inayoingia au kutoka. Kichakataji, kumbukumbu na vidhibiti huunganishwa na njia kuu, ambayo ni fungu la nyaya linalobeba anwani ya kinachotafutwa, data yenyewe, na ishara zinazoeleza kama data inasomwa au inaandikwa.

Kuhusu namna ya kuzipa rejista hizo anwani, wabunifu waligawanyika. Kampuni ya Intel, katika kichakataji 8080 cha mwaka 1974, ilitenga milango 256 ya kuingizia data na 256 ya kutolea, ikaiwekea milango hiyo maagizo yake maalumu. Katika 8088 idadi ya milango ilifika 65,536. Kampuni ya DEC, katika kompyuta PDP-11 ya mwaka 1970, iliziweka rejista za vifaa katika safu ileile ya anwani za kumbukumbu, hivi kwamba agizo lolote lililoweza kusoma kumbukumbu liliweza pia kusoma kifaa. Mbinu hii ya pili ndiyo iliyotawala baadaye, lakini zote mbili hujibu tu swali la mahali data ilipo, na haziamui ni lini data hiyo ichukuliwe.

Kuulizauliza

Jibu jepesi kuliko yote ni kichakataji kuuliza bila kuchoka. Programu husoma rejista ya hali, hutazama kama biti inayoonyesha utayari imewaka, na isipowaka husoma tena. Programu za msingi zilizochomwa ndani ya kompyuta ya IBM zilihudumia printa kwa namna hiyo, kwa kuangalia kama printa ina shughuli, kisha kuipelekea herufi moja na kurudi kuangalia upya. Printa ya Epson MX-80, iliyokuwa maarufu wakati huo, ilichapa hadi herufi 80 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya herufi moja na nyingine kulikuwa, kwa wastani, na mapigo yapatayo 60,000 ya kichakataji, na karibu yote yaliishia katika kuuliza swali lenye jibu lilelile.

Upotevu huo ulivumilika kwa sababu mashine ilikuwa na mtumiaji mmoja na programu moja, na mtumiaji huyo alikuwa akingoja karatasi yake. Kuulizauliza kuna faida ambayo haionekani katika hesabu ya mapigo: programu ndiyo inayochagua wakati wa kuzungumza na kifaa, mpangilio wa matukio unajulikana, na kosa likitokea linaweza kurudiwa na kuchunguzwa.

Katizo

Kibodi haiwezi kuhudumiwa hivyo bila hasara, kwa kuwa hakuna ajuaye mtumiaji atabonyeza lini. Hapa wajibu wa kuanzisha mazungumzo huhamia kwa kifaa: badala ya mwenye nyumba kufungua mlango kila dakika kutazama kama mgeni amefika, mgeni mwenyewe hupiga hodi. Ishara hiyo ya umeme ndiyo katizo. Katika kompyuta ya IBM, kubonyezwa kwa kitufe kulifanya kibodi itume namba ya kitufe hicho, kisha ishara ikapita katika mstari namba 1 wa kidhibiti cha makatizo, chipu Intel 8259 iliyokuwa na mistari minane. Kichakataji kilimaliza agizo lililokuwa mkononi, kikahifadhi mahali kilipofika, kikatafuta katika jedwali lenye anwani 256 mahali pa programu inayohusika, kikaitekeleza programu hiyo ili isome namba ya kitufe na kuiweka katika bafa, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kungojea, kisha kikarejea kwenye kazi yake ya awali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wazo hili lilikuwa la zamani wakati huo. Kompyuta DYSEAC, iliyojengwa na idara ya viwango ya Marekani na kukamilika mwaka 1954, ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza kulitumia. Huko Uholanzi, Edsger Dijkstra aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 kuhusu programu za kuhudumia makatizo katika kompyuta Electrologica X1, baada ya kusita kwa muda kulikubali wazo lenyewe. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani katizo linaweza kuingia kati ya maagizo yoyote mawili, na kosa linalotegemea bahati ya wakati huenda lisijirudie tena mbele ya anayelitafuta. Haishangazi kwamba Dijkstra ndiye aliyekuja kuweka misingi ya nadharia ya michakato inayokwenda sambamba.

Uhamishaji wa moja kwa moja

Disketi ilileta tatizo la aina nyingine. Ikishaanza kuzunguka chini ya kichwa cha kusomea, data haisubiri: disketi za kompyuta ya IBM zilitoa biti 250,000 kwa sekunde, yaani baiti moja kila mikrosekunde 32, ambazo ni sawa na mapigo 150 hivi ya kichakataji. Kupokea katizo tu katika vichakataji vya aina hiyo kulimeza mapigo zaidi ya 60, kabla ya kuhifadhi rejista, kusoma baiti, kuiandika katika kumbukumbu, kusogeza hesabu na kurejea. Kwa mwendo huo, katizo kwa kila baiti lingekimaliza kichakataji chote, na kuchelewa kidogo tu kungepoteza data.

Suluhisho lilikuwa kukiondoa kichakataji katikati. Chipu nyingine, Intel 8237, iliyokuwa na njia nne, iliambiwa mapema data ianzie anwani gani na baiti ni ngapi. Baada ya hapo, kila baiti ilipofika, chipu hiyo iliazima njia kuu kwa mapigo machache, data ikapita kutoka kidhibiti cha disketi hadi kwenye kumbukumbu, na kichakataji kikaendelea. Sekta nzima ya baiti 512 ilipokamilika ndipo katizo moja lilipotumwa. Katizo halikufutwa na njia hii. Lilipunguzwa kutoka mamia hadi moja.

Kila uhuru una bei yake. Chipu 8237 ilihesabu anwani kwa biti 16 tu, hivyo data iliyovuka mpaka wa kilobaiti 64 ilirudi kuandikwa mwanzoni mwa eneo lilelile na kuharibu yaliyokuwemo, jambo lililowalazimu waandishi wa programu kuchagua mahali pa bafa kwa uangalifu. Zaidi ya hapo, kifaa kinachoandika katika kumbukumbu bila kupitia kwa kichakataji kinaweza pia kuandika pasipostahili, iwe kwa hitilafu au kwa hila. Ndiyo maana kompyuta za sasa huweka kati ya vifaa na kumbukumbu saketi inayokagua kila anwani na kukizuia kifaa kutoka nje ya eneo kilichopewa.

Kurudi kwa kuulizauliza

Kama historia ingekuwa ngazi, mhadhara ungeishia hapa. Lakini kiwango cha USB, kilichotolewa mwaka 1996, hakikukipa kifaa haki ya kupiga hodi: kibodi ya USB hungoja hadi kidhibiti kikuu kiiulize, kila baada ya milisekunde chache, kama ina jambo. Ikiwa nalo, kidhibiti huiweka data katika kumbukumbu bila msaada wa kichakataji, kisha hukikatiza kichakataji. Herufi moja hupita katika njia zote tatu, na kuulizauliza hakumgharimu mtu kwa sababu anayeuliza si kichakataji.

Katika mitandao, kichakataji chenyewe kimerudi kuuliza. Mstari wa Etheneti wa gigabiti 10 kwa sekunde unaweza kuleta pakiti ndogo milioni 14.88 kila sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67, ambazo kwa kichakataji cha gigahezi 3 ni mapigo 200 hivi. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza hali ambamo kompyuta hutumia muda wake wote kupokea makatizo na haibaki na nafasi ya kuzishughulikia pakiti zenyewe. Mfumo wa Linux ulijibu kwa kuchanganya njia: katizo la kwanza huamsha programu, programu huzima makatizo ya kadi hiyo na kuchota pakiti kwa mafungu, na foleni ikiisha huyawasha tena.

Diski nazo zimefuata mkondo huo. Kiwango cha NVMe cha mwaka 2011 kinaruhusu maelfu ya foleni za amri ndani ya kumbukumbu, na mwaka 2012 watafiti wa Intel walionyesha kwamba kifaa cha kuhifadhia kinapojibu ndani ya mikrosekunde chache, kichakataji hukamilisha kazi mapema zaidi kikibaki kinauliza kuliko kikiondoka na kuitwa tena.

Hitimisho

Uchaguzi wa njia hutegemea mambo matatu yanayopimika: tukio hutokea mara ngapi na kwa utaratibu gani, kumkatiza anayefanya kazi hugharimu mapigo mangapi, na data huja kwa mafungu ya ukubwa gani. Tukio adimu lisilotabirika hulipa gharama ya katizo. Fungu kubwa hustahili kuhamishwa bila kichakataji. Tukio la karibu mno au la mfululizo hufanya kuuliza kuwe nafuu. Printa ya mwaka 1981 iliulizwa kwa sababu kichakataji hakikuwa na kazi nyingine, na kadi ya mtandao ya leo huulizwa kwa sababu kila ikiulizwa huwa na jibu. Mtaala unaozifundisha njia hizi kama hatua za maendeleo humpa mwanafunzi majina na kumnyima hesabu, ilhali hesabu ndiyo atakayoihitaji kifaa kipya kitakapowekwa mbele yake chenye uwiano wa kasi ambao hakuna kitabu kilichoutaja.