"Tutaleta mashine ya kisasa ya kansa." Sawa, lakini uliza haya

Haya ndiyo niliyosema kwenye Space ya jana usiku, kwa waliokosa. Sitaji chama, sitaji mwanasiasa. Ni hoja tu. 👇

1/ Wakenya wenzangu, kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme: "Mkinichagua, hakuna atakayeenda India tena kutibiwa kansa." Watu wanapiga makofi. Hebu tuifungue hiyo ahadi.

2/ Jina linalovuma siku hizi ni tiba ya protoni. Mionzi ya kawaida hupenya mwili na kutokea upande wa pili, ikigusa nyama nzima njiani. Protoni humwaga nguvu zake nyingi mwisho wa safari, ndani ya uvimbe, halafu husimama. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa ubongo hiyo ni tofauti kubwa, manake ubongo wake bado unakua.

3/ Je, inamfaa kila mgonjwa? La. Utafiti wa Marekani uitwao PARTIQoL, uliotoa matokeo 2024, uliilinganisha na mionzi ya kawaida ya kisasa kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Baada ya miaka 2, hali zao za maisha zilikuwa sawa. Kwa saratani ya koo, waliopata protoni hawakuhitaji sana kulishwa kwa mpira. Inategemea kansa gani.

4/ Bei sasa. Kituo kikubwa kinaweza kupita dola milioni 100. Afrika Kusini, iThemba LABS ilianza kutibu kwa protoni 1993, lakini huduma ilikuja kusimama. Kununua ni siku moja, kuendesha ni miaka. Na sisi tunajua: 2020 kamati ya Seneti ilikuta vifaa vya hospitali vimelala kwenye kaunti, kwingine hakuna umeme, kwingine hakuna wa kuviendesha.

5/ Makadirio ya 2022: wagonjwa wapya karibu 44,700, vifo zaidi ya 29,000. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Protoni hulenga mahali pamoja. Ikishasambaa, utalenga wapi?

6/ Angalia dawa. Herceptin, ya aina moja ya saratani ya matiti, ilikuwa shilingi 120,000 kila dozi. Dozi 18 kwa mwaka ni zaidi ya milioni 2. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha kansa kilikuwa 550,000 kwa familia nzima. Hapo ndipo shamba huuzwa. 2025 serikali ikakubaliana na Roche bei ishuke hadi 40,000, SHA ilipe. Hakuna utepe uliokatwa kwa jengo, lakini kina mama wanapumua.

7/ Na kuna utafiti wa hapa hapa nyumbani, KEN SHE: dozi moja tu ya chanjo ya HPV iliwakinga wasichana kwa asilimia 97.5 katika miezi 18, dhidi ya virusi viwili vinavyoongoza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo hupigiwi makofi jukwaani.

8/ Kwa hivyo mheshimiwa akiahidi mashine, usimzomee. Muulize:
– Ni ya kansa gani, na wagonjwa wangapi?
– Nani ataiendesha, na vipuri viko kwa bajeti gani?
– Mama wa kijijini atapimwa wapi mapema?

Akijibu, msikilize. Akianza kuimba, kura ni yako.

Sambaza kwa group ya familia.