Kabati la Ukutani Huanza na Ukuta

Mada kwa wanafunzi wa useremala, mafundi na wenye nyumba



Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Humo ndimo vijana wengi hujifunza useremala, na mazao ya kazi yao huingia katika nyumba za wananchi. Ndiyo sababu mada hii inamhusu seremala na mwenye nyumba kwa pamoja.

Meza ikiharibika hutolewa nje. Kabati la kujengewa ukutani likiharibika huvunjwa, na ukuta huumia nalo. Mara nyingi kabati hilo limelipiwa kwa akiba ya chama au mkopo wa sacco, na mkopo huendelea kulipwa hata milango ikiwa imeshapinda. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa kabla ya ubao wa kwanza kukatwa.

Fundi mwangalifu huanza na ukuta. Ni kuta chache zilizosimama wima kabisa, na pembe za chumba nazo mara nyingi si mraba. Hupima upana mahali patatu, yaani chini, katikati na juu, kisha hufuata kipimo kilicho kidogo zaidi. Timazi humwonyesha ukuta ulioinama, na pima maji humwonyesha sakafu iliyoshuka. Msingi wa kabati, wenye kimo cha sentimita 10 hivi, husawazishwa kwanza ndipo masanduku yakalie juu yake. Pengo linalobaki kando hufunikwa kwa ukanda wa mbao uliochongwa kufuata ukuta.

Halafu huja unyevu. Plasta inayobanduka au inayotoa unga mweupe ni dalili kwamba ukuta una maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba linalovuja hutengenezwa kwanza, ukuta ukaachwa ukauke, na njia za mchwa zikashughulikiwa. Kasoro ikishafunikwa na kabati, haitaonekana tena mpaka mbao zioze.

Katika vifaa, kila kimoja kina mahali pake. Ubao wa MDF ni laini na hupokea rangi vizuri, lakini kingo zake zilizokatwa hunywa maji na kuvimba. Chini ya sinki panafaa plaiwudi ya kustahimili maji. Mbao za saiprasi zinafaa kwa fremu, mradi ziwe zimekauka, kwa maana mbao mbichi husinyaa na kupinda zikiwa tayari ukutani. Bodi nyingi huuzwa kwa ukubwa wa futi 8 kwa 4, hivyo fundi huchora mpango wa kukata kabla ya kwenda dukani, ili mwenye nyumba asilipie vipande vya kutupwa.

Kina cha kabati la chini jikoni huwa sentimita 60 hivi, na la juu 30 hadi 35. Kabati la nguo nalo huhitaji sentimita 60 ili mabega ya nguo yasiguse mlango. Kimo cha meza ya jikoni huwa kati ya sentimita 85 na 90, lakini anayepaswa kupimwa ni yule anayepika.

Usalama una mambo mawili. La kwanza, kabati la juu lililojaa vyombo ni zito. Hushikiliwa na skrubu ndefu zilizoingia katika plagi za ukutani, si misumari. La pili ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Mtungi haufai kufungiwa ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa karibu na sakafu.

Sasa rangi. Mbao husuguliwa kwa msasa namba 120, kisha 180 au 220, na vumbi likafutwa lote. Vifundo vya mbao huzibwa ili utomvu usipenye. Hufuata rangi ya kwanza, puti kwenye mashimo, msasa mwepesi, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya mwisho. Mkono mmoja mzito huchirizika na kuchelewa kukauka. Mgongo wa kabati na kingo hupakwa kabla ya kufungwa ukutani, kwa kuwa baadaye brashi haitafika.

Rangi yenyewe ichaguliwe kwa makini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo wao. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini katika rangi ni sehemu 90 kwa milioni, kwa hiyo mnunuzi akague kopo na alama ya ubora. Rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu. Huloweshwa kwanza, watoto wakiwa mbali, na fundi akiwa amevaa barakoa. Vumbi la mbao pia limetambuliwa kuwa linaweza kusababisha saratani.

Mwisho ni mapatano. Karatasi moja yenye mchoro, vipimo, aina na unene wa mbao, idadi ya mikono ya rangi na awamu za malipo huwalinda wote wawili. Fedha za mwisho hutolewa baada ya kila mlango na kila droo kufunguliwa na kufungwa mbele ya mwenye nyumba. Hapo fundi hupata haki yake bila kuzungushwa, na mwenye nyumba hupata kabati aliloagiza.