Matairi Makubwa Peke Yake Hayatoshi
Hotuba ya Mweka Hazina katika harambee ya mwaka



Mimi ni mhasibu na mweka hazina wenu, kwa hiyo mmezoea kunisikia nikisema hapana. Leo nimekuja kuwaomba ninyi mseme ndiyo, lakini kwanza niungame.

Mwaka jana vijana waliomba Land Cruiser yetu ya kubebea wagonjwa iwekewe matairi makubwa. Nikasema hayo ni mapambo. Mwezi Februari gari lilizama mbugani, kusini ya Sikonge, likiwa na mama mwenye uchungu. Udongo ule mweusi mnaujua: kiangazi mgumu kama saruji, masika uji unaonata. Magurudumu yalizunguka bure, maana difu ilikuwa imekalia tuta katikati ya mitaro ya malori. Mama alimalizia safari kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alifika, na mtoto yu hai. Lakini zilipita saa sita ambazo hazikupaswa kupita.

Mababu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya karibu miezi mitatu. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua wawahi kulima. Mfanyabiashara aliweza kungoja kiangazi. Mgonjwa hawezi.

Basi nilikwenda gereji, nikakaa na fundi siku nzima, daftari mkononi. Niliyoyapata ni haya.

Kwanza, matairi ya sasa ni ya inchi 31. Tukiweka ya inchi 33 yenye kashata nzuri, difu itapanda inchi 1, si 2, kwa sababu nusu ya nyongeza inabaki juu ya ekseli. Inchi moja ni ndogo kwenye rula. Dereva wetu anasema kwenye tuta lile ndiyo iliyokosekana.

Pili, tairi kubwa linataka nafasi. Ukikata kona, litasugua madigadi na bampa. Wapo wanaoinua gari kwa springi ndefu, lakini gari refu lenye mgonjwa na ndugu zake nyuma huyumba, na kwenye mteremko wa ubavu hupinduka upesi zaidi. Fundi anashauri tukate madigadi. Gurudumu moja litapandishwa juu ya gogo, usukani ukatwe mpaka mwisho kulia na kushoto, na kila panapogusa pachorwe chaki. Kisha atakata kidogo kidogo bila kugusa chesisi, akunje ukingo kwa ndani, achomelee na kupiga rangi siku hiyo hiyo, kutu isianze kula bati. Mwisho atafunga ukingo wa mpira, maana tairi lililochomoza nje hurusha tope mpaka kwenye vioo.

Tatu, spidomita ikisoma 80, gari litakuwa kwenye 85. Breki nazo zitafanya kazi zaidi. Dereva lazima ajue hayo, na bima na wakaguzi wa magari waarifiwe kabla bati halijakatwa.

Sasa hesabu. Bei ya matairi si bei ya kazi. Matairi ni matano, kwa sababu spea nayo lazima ilingane. Kuna fundi bodi, rangi, breki na bima. Tukinunua matairi tu, ama yatalala stoo, ama tutayafunga kwa haraka na gari litajikata mpira lenyewe njiani. Rahisi huwa ghali. Ndiyo maana naomba mchango wa kazi nzima. Fedha zisipotimia, gari halitaguswa, na kila shilingi itabaki benki mpaka mkutano ujao uamue.

Mvua kwetu huanza Novemba. Nataka kabla ya hapo gari liwe limejaribiwa kwenye njia ile ile lililokwama.

Mwaka jana nilisema hapana. Leo fomu ya kwanza ya ahadi nimeijaza mimi. Ya pili iko mezani, na kalamu ipo.