Pombe Inayongoja Vuli

Mwenye ramani ya dunia na aitundike ukutani. Itafuteni Japani, visiwa vilivyo mashariki ya Asia. Leo nitawaelezeni habari za sake, yaani pombe ya mchele, hasa ile ya majira ya vuli. Nanyi msiokunywa pombe, kaeni msikilize, maana somo hili ni la kazi na fedha pia.

Vuli ya Japani si wakati wa mvua kama vuli yetu. Ni miezi ya Septemba hadi Novemba, joto linapopungua na majani ya miti kupukutika.

Kwanza, sake hutengenezwaje? Mnajua kwamba nafaka haiwi pombe mpaka wanga wake ugeuke sukari. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kimea cha ulezi au mtama. Wajapani hutumia koji, yaani mchele uliopikwa kwa mvuke, ukaoteshwa ukungu wa namna maalumu katika chumba chenye joto kwa siku 2 hivi. Halafu hutiwa maji, hamira na mchele mwingine, ukaachwa uchache kwa majuma 3 au 4, kisha hukamuliwa. Kazi hii hufanywa hasa wakati wa baridi, kwa kuwa baridi huzuia vijidudu vinavyoharibu pombe.

Sasa sikilizeni vizuri. Sake ya kawaida hupashwa moto mara 2, kadiri ya digrii 65 za sentigredi: kabla ya kuwekwa ghalani, na tena kabla ya kuuzwa. Moto huo huua vijidudu. Wajapani walikuwa na desturi hiyo katika karne ya 16, miaka 300 hivi kabla ya Louis Pasteur wa Ufaransa kueleza sababu yake. Lakini sake ya vuli, iitwayo hiyaoroshi, hupashwa moto mara 1 tu, baridi inapokwisha. Hulala ghalani miezi yote ya joto. Hewa ya nje ikipoa sawa na ya ghalani, hutolewa bila kupashwa tena.

Je, kuna hatari gani? Fikirini mtu na jamaa zake wenye kiwanda kidogo. Mchele wamekwisha nunua, vibarua wamekwisha lipwa, na fedha yao imelala ndani ya mapipa. Wako vijidudu wanaoweza kuishi hata ndani ya pombe. Wakiingia, pipa zima huchachuka na kunuka. Kiwanda kikubwa kitapata hasara kidogo, bali kwa jamaa hawa pipa moja ni ada za watoto na mchele wa mwaka ujao. Kwa hiyo hawakai bure wakingoja. Huosha vyombo, hupima joto la ghala, huonja mara kwa mara.

Wakifaulu, faida yake iko ulimini. Sake mpya huwa kali. Iliyolala hutulia na ladha yake hukolea. Watu huinywa ya baridi kidogo au vuguvugu, kwa vikombe vidogo, pamoja na samaki wa kuchoma, uyoga na mchele mpya. Kwa desturi, mtu humimina katika kikombe cha mwenziwe, naye humiminiwa. Lakini tahadharini: nguvu yake hupata mara 3 ya bia.

Mlangoni pa kiwanda huning'inizwa tufe la majani ya mti uitwao sugi. Sake mpya inapotoka, tufe huwa la kijani. Vuli ikifika, limekwisha kuwa la hudhurungi. Hata asiyejua kusoma huisoma alama hiyo.

Mwaka 2024 UNESCO iliuandika ufundi huu katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wazee wetu husema, mvumilivu hula mbivu. Mtengeneza sake angeongeza: lakini na ailinde mpaka iive.

Maswali
1. Koji hufanya kazi gani?
2. Kwa nini sake hutengenezwa wakati wa baridi?
3. Jamaa wana mapipa 6, kila moja lita 1,500. Moja likiharibika, watabaki na lita ngapi?
4. Andika sentensi 3 juu ya kitu ambacho kwenu huuzwa baada ya kungoja.