Mashini na Dhamiri

Leo twauliza: Je, mashini za siku hizi zatunyang'anya uhuru wetu?

Tarehe 26 Septemba 1983, usiku, Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Muungano wa Kisovieti, alikuwa zamuni karibu na Moscow. Ghafula mashini za ulinzi zikatangaza kwamba Marekani imerusha kombora. Kisha mengine manne. Zilimwachia dakika chache tu za kufikiri. Naye akawaza: mwenye kuanza vita kuu hatarusha makombora matano tu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba onyo hilo si la kweli. Na kumbe, setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Basi, jibu letu ni hili: mashini yaweza kutuharakisha, hata kututisha, kuamua ni kazi yetu. Haina dhamiri, wala haitajibu kwa ajili yetu. Asemaye, "Mashini ndiyo iliyoamua," hakunyang'anywa uhuru. Ameutoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo tuitumie mashini, tuisikilize, lakini tuipime kwanza kabla ya kuitii.