Nguvu ya Kisheria ya Saini ya Kielektroniki katika Mikataba ya Wachimbaji Wadogo wa Shinyanga na Geita



1. Utangulizi

Kuanzia Mwakitolyo hadi Nyarugusu, makubaliano mengi ya uchimbaji siku hizi yanafungwa kwa simu. Mfadhili yuko Mwanza, mwenye leseni yuko Kahama, duara liko Rwamgasa. Mkataba unapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp, jibu linarudi, "Nimekubali, tuma hela," na kazi inaanza. Ugomvi huzuka mawe yanapotoa dhahabu, mmoja anapokana mgao waliokubaliana. Je, saini ya namna hii inasimama mahakamani? Jibu langu ni kwamba inaweza kusimama, mradi pawe na ushahidi unaoiunganisha na aliyesaini na maandishi aliyoyasaini.

2. Sheria inasema nini

Sheria ya Mikataba haidai kila makubaliano yaandikwe. Inadai ridhaa ya hiari ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo na lengo halali. Kuhusu ushahidi wa kielektroniki, mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania likatunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Sasa mkataba unaweza kufungwa kwa njia ya kielektroniki, na pale sheria inapodai saini, saini salama ya kielektroniki inatosha.

Saini ni salama ikiwa ni ya pekee kwa matumizi yake, inamtambulisha aliyesaini, ameiweka mwenyewe, iko chini ya mamlaka yake, na imefungamana na waraka kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana.

Kwa kulinganisha, Umoja wa Ulaya umepanga saini za kielektroniki katika ngazi tatu kwa Kanuni Na. 910 ya 2014. Ni ngazi ya juu pekee inayolingana moja kwa moja na saini ya mkono. Nchini Estonia, raia husaini kwa kitambulisho cha taifa chenye chipu. Sisi Tanzania tumesajili laini za simu kwa alama za vidole, lakini usajili huo unaonyesha mwenye laini tu. Hauthibitishi nani alishika simu kambini siku ya kusaini.

3. Udhaifu wa picha ya saini

Saini iliyopigwa picha na kubandikwa kwenye waraka inaweza kunakiliwa na yeyote, na ukurasa wa mgao ukabadilishwa bila alama yoyote kuonekana. Mahakama haiikatai kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Itapima jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa, kama haukuchezewa, na mtumaji alivyotambuliwa. Anayefuta mazungumzo au kuuza simu yake anaupoteza ushahidi wake mwenyewe.

4. Nyaraka zinazobaki kwenye karatasi

Sheria ya 2015 hairuhusu maandishi ya kielektroniki kuchukua nafasi ya karatasi katika wosia, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kisheria, wala mkataba wa kuuza ardhi. Hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Anayenunua shamba lenye mwamba kwa ujumbe wa simu, au anayesimamia leseni ya mwenzake kwa hati iliyotumwa WhatsApp, amesimama pabaya.

5. Mapendekezo

(a) Mkataba wa mgao uandikwe kwa Kiswahili, utaje namba ya leseni, eneo la duara, mgawanyo wa gharama na wa mawe.

(b) Wahusika wakubaliane ndani ya mkataba njia ya kusaini na namba za simu zitakazotumika.

(c) Waraka utumwe ukiwa faili kamili, na kila mmoja atunze ujumbe wa awali pamoja na kumbukumbu za malipo.

(d) Vyama vya wachimbaji, kwa kushirikiana na ofisi za Tume ya Madini, viandae mkataba wa mfano utakaopatikana katika masoko ya madini, likiwemo la Geita lililofunguliwa Machi 2019.

6. Hitimisho

Ndugu washiriki, sheria imeshafungua mlango wa kusaini kwa simu. Nawasihi: kabla hamjatuma hela wala kushusha mchimbaji kwenye duara, hakikisheni saini yenu ina ushahidi wa kuilinda, na linalohusu ardhi au mamlaka ya kisheria lisainiwe kwa mkono mbele ya mashahidi.