Mbegu Iliyokataa Kuota



Ninyi mlioko Ngara na Biharamulo mwaujua mgagani bila kuelezwa: mboga ile ichungu kidogo, yenye vijani vitano vilivyokaa kama vidole vya mkono, ambayo majirani zetu wa Rwanda huiita isogi. Huota wenyewe kando ya zizi na jalalani, penye samadi, na maisha yake hayapiti msimu mmoja. Kwa hiyo wengi hudhani si mmea wa kupandwa.

Mwaka mmoja nilitaka kuwa nao bustanini. Mwezi wa Mei nilikusanya mbegu zake, ndogo na nyeusi, nikazisia siku ile ile. Nikamwagilia wiki tatu. Hakikuota kitu. Kwa hasira nikalilima lile tuta upya.

Mama mmoja mzee wa Biharamulo alicheka aliposikia. “Baba Padri, umeziamsha kabla hazijalala,” akasema. Kumbe mbegu mpya ya mgagani hutunzwa kwanza mahali pakavu, miezi mitatu hata sita, ndipo iote vizuri. Akanifundisha na mengine: zisifukiwe sana, mche ukiharakisha kutoa maua ukatwe kilele, upate matawi na majani mengi, maganda yavunwe yakianza kuwa ya manjano, kwa maana yakikauka hupasuka na mbegu zote kumwagika. Na uchungu? Maziwa, au karanga zilizotwangwa. Hapo alinitazama kama mtu asiyejua kula.

Mvua za vuli ziliporudi nikapanda maharagwe katika tuta lile. Wakati wa palizi nilikuta kijana aliyenisaidia amekwisha kung'oa mistari miwili ya miche iliyochipua katikati yake. “Magugu, Baba,” akasema. Ilikuwa migagani yangu.

Nilimkumbuka yule mwenye shamba wa Injili aliyewazuia watumwa wake wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano pia. Lakini sikuweza kumkemea kijana. Jembe la kwanza lilikuwa langu. Nanyi makatekista, mnajua ni wangapi tumewafuta katika daftari la wakatekumeni kwa sababu mwezi wa kwanza hawakujibu neno. Mimi nawakumbuka wawili, kwa majina na kwa nyumba zao.

Tuliirudisha udongoni ile iliyong'olewa, tukaimwagia maji jioni. Mingi ilinyauka. Mitatu ilishika.